Kioo Kinawaka na Sijamwambia Mtu

Jumapili, mwishoni mwa Juni. Sumbawanga. Ni mwaka wa tatu sasa tangu niondoke Masasi.

Upepo umeanza. Wenyeji wananiambia huu bado, ngoja Julai. Mimi tayari nimevaa soksi mbili na koti la kazini, nimekaa kitandani, kibodi iko magotini na kioo cha kompyuta kiko juu ya ndoo niliyoigeuza. Mikono inanuka magunia. Nanawa kwa sabuni ya unga lakini harufu ya mahindi makavu haitoki, imeingia kwenye kucha.

Kioo kinawaka. Ndilo jambo ninalotaka kuliandika leo. Kinawaka vizuri, tangu wiki mbili zilizopita, na mpaka leo mchana nilikuwa sijamwambia mtu.

Nieleze taratibu, maana anayefika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza atashangaa kuli wa ghala la mahindi ana habari gani za kompyuta. Hata wenzangu ghalani wanashangaa. Jofrei, tunayepokezana naye magunia, akiniona nimechoka huniuliza, "Bwana kompyuta, gunia hili unalibonyeza wapi?" Wote wanacheka. Mimi pia hucheka, kwa sababu inachekesha.

Kompyuta yenyewe ilitoka ghalani hapo hapo. Mwenye ghala alinunua mpya za ofisini, zile za zamani akamwambia fundi Deusi azichukue zote. Deusi ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu hapa mtaa wa Chanji. Nilimsaidia kuzibeba mpaka kwake, nikarudi na moja begani. Zilikuwa zimeshindwa kubeba mfumo wake wa zamani, zinakaa dakika nzima kufungua dirisha moja. Deusi akaziwekea Linux, mfumo wa bure ulioandikwa na watu wengi duniani, wengine wanaojitolea tu. Zikafufuka. Nyingine akamuuzia mwalimu mmoja wa Pito, nyingine dada wa steshenari, nyingine fundi cherehani, moja akabaki nayo mwenyewe.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Simu yangu ina ufa katikati na kamera yake ya mbele ilikufa mwaka jana. Nikiiunganisha na kompyuta kwa ajili ya mtandao, naweza kumwona mke wangu Zuhura kwa ukubwa wa uso wa mtu. Kompyuta haina kamera. Mimi nawaona, wao hawanioni. Mwanangu Mwanaidi ananijua kama sauti inayotoka kwenye simu ya mama yake.

Ilikuwa inanitosha. Au nilijiambia hivyo.

Mwezi wa tatu niliruhusu apdeti. Ilikuwa inaomba kila siku, nikaona niikubalie ininyamazie. Ilipomaliza ikajizima, ikawaka, na kioo kikawa cheusi tupu, na kishale cheupe katikati. Nikisogeza kipanya, kishale kinasogea. Nyuma yake hakuna kitu. Nilikaa nikakizungusha kile kishale gizani kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mlango.

Deusi aliangalia akasema ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha. Kampuni iliyoitengeneza kadi iliacha kuihudumia zamani sana, kilichobaki ni draiva inayotunzwa na watu wa kujitolea. Akanionyesha ukurasa wao wa mtandao ambapo mtu mwenye hitilafu anaandika, nao wanajibu wakipata nafasi. Yeye hakuwa na muda. Aliwaambia wateja wake wote wasiguse apdeti, akaendelea na simu za watu.

Basi nikaandika mimi. Niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya kwenye dawa. Nikaandika kwa Kiswahili: Habari za huko? Hamjambo? Mimi naitwa Hamisi, niko Sumbawanga, Tanzania. Nina shida ya kompyuta, naomba kuuliza.

Nikatuma, nikasubiri wanijibu salamu ndipo nieleze shida. Sikuwa najifanya. Ndivyo nilivyolelewa. Huingii nyumbani kwa mtu ukaanza na shida yako mlangoni.

Kesho yake nilikuta ripoti yangu, ndivyo wanavyoyaita maandishi hayo, imefungwa. Mtu mmoja alikuwa ameandika mstari mmoja, simu ikanitafsiria: haina maelezo.

Niliumia kidogo, sitaficha. Nikaandika tena. Nikauliza kama salamu zangu ziliwafikia, maana sikuona jibu, halafu nikatia picha ya kile kioo cheusi. Wa pili akanijibu kwamba pale ni mahali pa hitilafu tu, niandike tatizo, tena kwa Kiingereza. Chini yake akaja wa tatu. Huyo ndiye Marek.

Aliandika, "Mwacheni, nitatafsiri mwenyewe. Hamisi, hatujambo. Huku mvua inanyesha. Sasa niambie, ukiiwasha unaona nini kwanza?"

Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko yalivyostahili.

Marek yuko Polandi, kwenye mji ambao siwezi kulitamka jina lake. Mchana anafanya kazi nyingine ya mshahara. Draiva hii anaitunza mwisho wa wiki, peke yake, kwa kuwa wenzake wote walishahamia kwenye kadi mpya. Anaishi na paka. Mwanzoni nilikuwa nikimaliza kueleza namwandikia pole na kazi, mpaka siku moja akaniuliza kwa upole ni nini kimenisikitisha kwenye kazi yake, kama ni mbaya nimwambie tu. Nikamweleza maana yake. Tangu siku hiyo naye kila akimaliza ananipa pole na kazi, kwa Kiswahili, hata kama ni Jumapili na sijafanya kazi yoyote.

Alinieleza tatizo na nikalielewa kwa njia yangu. Kuna draiva, hiyo inazungumza na kadi. Halafu kuna kitu kingine wanakiita seva ya onyesho, hicho ndicho kinachopanga kioo: dirisha hili likae hapa, lile nyuma yake, kishale kipite juu. Kikishapanga kinaikabidhi draiva picha nzima, halafu nyingine, halafu nyingine, haraka kuliko jicho. Draiva ikiishusha picha inasema tayari, ndipo inaletwa inayofuata. Seva ya zamani ilikuwa mpole, ilikuwa inasubirisubiri. Ile apdeti iliniletea mpya, na mpya ikisikia tayari inarusha. Kumbe draiva ya kadi yangu miaka yote ilikuwa inasema tayari kabla haijashusha mzigo, na hakuna aliyejua.

Sisi ghalani tunalijua hilo. Aliye juu ya lori akisema "lete" kabla hajalilaza gunia la kwanza, la pili linamkuta kifuani. Nilimwandikia Marek hivyo. Akasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

Tukaanza kujaribu. Yeye anatengeneza faili, mimi Jumamosi jioni nikitoka kazini nalipakua kwa Deusi, nalitia kwenye flashi, nakuja nalo hapa chumbani. Naliweka kwa amri za maandishi alizonifundisha Marek, zile hata gizani zinakubali, nazima, nawasha. Wiki ya kwanza giza. Wiki nyingine mistari, kama kitenge kilichochanika. Kuna wiki kioo kilikuwa kizuri juu, na nusu ya chini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Kila mara napiga picha kwa simu, namtumia, naye anaandika kwamba hiyo inamsaidia. Sikuwahi kuona mtu anayefurahia picha mbaya namna ile.

Katikati ya hayo tuliongea mengine. Aliuliza gunia lina uzito gani, nikamwambia, akadhani tafsiri imekosea. Aliuliza kama nina familia. Nikamwambia kuhusu Zuhura na Mwanaidi, na kwamba niliondoka baada ya korosho kutuangusha, nikisema nakwenda msimu mmoja. Akaniuliza kama ni vigumu. Sijui kwa nini, nilimjibu ukweli. Nikamwambia vigumu kuliko magunia ni jioni.

Hapa nilipopanga watu ni wema. Mama Kauzeni, mwenye nyumba, ananiita Baba Mwanaidi, akisonga ugali wa ulezi ananitengea. Jioni wanaota moto jikoni, yeye na wanawe na mashemeji, wanacheka kwa Kifipa. Nikiingia nawapa shikamoo na za jioni, wananipisha nafasi, wanahamia Kiswahili kwa heshima yangu. Na mazungumzo yanapoa pale pale. Mmoja anauliza habari za kazi, nasema nzuri. Mwingine anasema baridi, nasema kweli. Nakaa kidogo, naaga. Nikifika mlangoni kwangu nasikia Kifipa kimerudi, na kicheko.

Siwalaumu. Nyumba ni yao.

Sasa Jumamosi ya wiki mbili nyuma. Niliweka faili kama kawaida. Nikawasha nikiwa nimesimama, maana nilikuwa nakwenda kuchota maji. Kioo kikaja. Rangi zote. Madirisha yakafunguka na kufungwa bila kuchanika. Niliburuta dirisha kutoka pembe hii mpaka ile kama mtoto anayeburuta gari la bati. Nikampigia Zuhura na nikamwona. Mwanaidi alipita nyuma yake, akacheka na kitu, ameota meno mapya mawili ya mbele. Makubwa. Hayo meno yalitoka mimi sipo.

Kesho yake Marek aliandika. Ninao ujumbe wake hapa, nautafsiri tena nisikosee. "Hamisi, kama hii inafanya kazi, niambie, nitaingiza marekebisho na kuifunga ripoti. Wenzangu wanataka kuiondoa draiva hii kwenye toleo lijalo, wanasema hakuna tena anayeitumia. Nina wewe tu. Pole na kazi."

Sikujibu.

Siku ya kwanza nilijiambia nimechoka. Siku ya pili nilijiambia niijaribu zaidi, isije ikaharibika tukaaibika. Wiki ilipopita nilikuwa sina tena la kujiambia. Aliandika mara nyingine, fupi: "Uko salama?" Hata hiyo sikuijibu, na hiyo ndiyo inayonisumbua. Mtu akikuuliza kama uko salama unajibu.

Nilijua ninachofanya. Ripoti ikiwa wazi, kila nikifungua ukurasa ule nina mtu. Ikifungwa, sina.

Leo mchana Deusi alikuja. Alikuwa anatoka kanisani, ana shati lake la Jumapili, akapiga hodi na kuingia kabla sijafika mlangoni. Kompyuta ilikuwa inawaka. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari, dirisha zima lina picha, hakuna hata mstari.

Akaitazama. Akaketi kwenye kona ya kitanda.

"Imeanza lini?"

Nikamwambia wiki mbili.

"Wiki mbili, kaka." Alivua kofia akaiweka gotini. "Yule mwalimu wa Pito ananipigia kila asubuhi. Dada wa steshenari amewasha apdeti kwa bahati mbaya, yuko gizani, anaandika vyeti vya watu kwa mkono. Mimi nawaambia Hamisi anajaribu, Hamisi anajaribu. Na wewe unaangalia taarifa ya habari?"

Nikasema nilikuwa nataka kuwa na uhakika.

"Uhakika gani? Unamsubiri mzungu alete mahari?"

Siku nyingine ningecheka. Nilitazama chini, na kwa kuwa sikuwa na uongo mwingine ulio tayari, nikamwambia. Kwamba nikimjibu Marek ataifunga, na akiifunga hataniandikia tena. Kwamba hapa mjini siku nzima naambiwa lete na shusha, na mtu pekee anayeniuliza nimeamkaje yuko Polandi na anaishi na paka.

Nilitegemea atanicheka na kesho mji mzima ujue. Hakucheka. Aliizungusha kofia kidogo.

"Mimi niko hapo," akasema. "Kibanda hicho hapo, unakipita asubuhi na jioni. Hujawahi kuja kwangu bila flashi mkononi. Hata siku moja, Hamisi."

Nilianza kukumbuka mara zote nilizokwenda pale na ni kweli. Naingia, naulizia mtandao, napakua, nashukuru, natoka. Aliwahi kunikaribisha ubatizo wa mwanawe. Nilisema nitakuja na sikwenda, nikijua hawataniuliza.

Deusi akasimama. Akasema dada wa steshenari ana wateja Jumatatu asubuhi, akavaa kofia, akatoka. Mlangoni akamwamkia Mama Kauzeni, nikasikia wanaongea Kifipa, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nikamjibu Marek saa ile ile.

Niliomba radhi kwanza kwa kuwa kimya. Nikasema niko salama. Nikasema inafanya kazi, tangu siku ile ile aliyotuma, haijachanika hata mara moja, nimeiwasha asubuhi na jioni. Nikasema hapa Sumbawanga wako wengine wanne ninaowajua wenye kadi hii, na mmoja yuko gizani sasa hivi kwa sababu yangu. Hayo ya mwisho niliyafuta, halafu nikayarudisha.

Jibu lilikuja kabla chai haijachemka. Marek hakukasirika. Alisema alidhani nimeumia kazini. Alisema toleo linafungwa wiki hii na tumewahi, na kwamba wenzake wakiona draiva ina watu watano mji mmoja Afrika watanyamaza. Akauliza jina langu kamili, kwa sababu utaratibu wao ni kwamba kila marekebisho yanaandikwa aliyeyafanya na aliyeyajaribu. Nikampa. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu asiyekuwa askari alitaka jina langu kamili.

Halafu ripoti ikafungwa. Hakuna kelele. Palipokuwa na neno la kijani pakawa na neno jingine la zambarau. Kisanduku cha kuandikia bado kipo chini, hawajakiondoa, lakini ni nani anayeandika kwenye jambo lililokwisha? Marek aliandika mstari wa mwisho kwamba kesho anaanza kadi nyingine, ya mtu mmoja wa Peru, ambaye kioo chake ni cha buluu tupu. Na pole na kazi.

Nilikaa nikakitazama kile kisanduku. Chai ikapoa.

Kompyuta inafanya kazi. Nikaona niitumie kazi yake. Nikampigia Zuhura.

Alikuwa uani anapepeta choroko, simu ameiegemeza kwenye kitu, kwa hiyo nilimwona kuanzia kiunoni mpaka kwenye mtandio, na kipande cha mnazi wa jirani. Akauliza kuna nini, maana si saa yangu. Nikasema hakuna kitu. Akaendelea kupepeta. Zuhura zamani kila nikipiga alikuwa ananiuliza narudi lini. Nami nasema karibuni, msimu ukiisha, tukijaliwa. Leo ndiyo nimeona kwamba ameacha kuuliza, na sijui aliacha lini. Mwezi gani? Sikuona. Nilikuwa namwona uso mzima kwenye kioo na hilo sikuliona.

Nikamwambia, "Mama Mwanaidi, ninarudi mwezi wa kumi."

Ungo ukasimama.

Hakusema alhamdulillahi, hakusema karibu. Alinitazama, yaani aliitazama simu, ambako yeye haoni kitu ila giza na herufi ya jina langu. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu asiyetaka kusikika ndani:

"Nimwambie mtoto, au nisubiri kwanza?"

Hilo swali limenipiga kuliko kelele yoyote ambayo angeweza kunipigia. Nimekuwa nikijiona mimi ndiye mpweke. Kumbe kule nyumbani kuna mtu ambaye kwa mwaka na zaidi amekuwa akipokea ahadi zangu peke yake, anazikalia, ili mtoto asizisikie.

Nilitaka kusema subiri. Neno lilikuwa mdomoni. Kuna ununuzi wa mahindi bado haujachangamka, kuna nauli, kuna aibu ya kurudi na begi lile lile nililoondoka nalo.

Nikasema, "Mwambie."

Akanitazama tena pale gizani, kama anapima. Halafu akamwita. Mwanaidi akaja mbio na kijiti mdomoni, mama yake akamvuta karibu na simu na kumwambia sikioni. Nikauona uso wa mtoto unasikiliza. Haukufurahi mara moja. Aliuliza, baba yupi, huyu wa simu? Mama yake akasema ndiye huyo. Mtoto akafikiri, akakitoa kile kijiti, akasema sawa.

Basi naliandika na hapa, mtu yeyote alisome. Magari ya mwisho ya mahindi yakishapakiwa, mwezi wa kumi, napanda basi la Mbeya, nashika Songea, nashika Tunduru. Nitakuwa Masasi korosho zikiwa bado juu ya miti.